Krismasi ya Vidole: Kazi za Mikono kwa Watoto wa Miaka 2 hadi 6

Shule zikifungwa kwa likizo ndefu ya Novemba na Desemba, wazazi wa watoto wa PP1 na PP2, yale madarasa mawili ya kabla ya Gredi ya 1, huniuliza swali moja: ninunue kitabu gani cha kuandikia ili mwakani mwanangu asiachwe nyuma? Mtoto wa miaka 4 hahitaji kitabu cha kufuatisha nukta. Anahitaji unga wa kukanda, karatasi ya kuchana, uzi wa kutunga na kitunguu saumu cha kumenya. Kalamu huja mwisho, mkono ukishapata nguvu ya kuishika. Na msimu wa Krismasi una kazi tele za kuujenga mkono huo, kwa kuwa nyumba nzima ina shughuli na mtoto mwenyewe analilia kushirikishwa.

Sababu imo ndani ya mkono. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa 8 midogo. Mtoto anapozaliwa, sehemu hiyo bado ni gegedu tupu. Mfupa hutokea mmoja baada ya mwingine, na ule wa mwisho kwa kawaida haujitokezi mpaka mtoto afike kati ya miaka 8 na 12. Kwa hiyo mtoto wa miaka 2 anayeikamata krayoni kwa ngumi si mvivu wala si mzito. Huo ndio mkono alio nao leo. Karibu na miaka 4 utamwona anaanza kuishika kwa kidole gumba na cha shahada, huku cha kati kikiibeba kwa chini. Akikaribia miaka 5 au 6, vidole vyenyewe vinacheza na kiwiko kinatulia. Kumharakisha kabla ya hapo ni kumfundisha mshiko mbaya ambao mwalimu wa Gredi ya 1 atataabika kuuondoa.

Kabla ya kuanza

Desemba ya Mombasa ni joto na jasho. Mikono ikilowa, shanga huteleza na karatasi hunata, mtoto akakasirika bure. Fanyeni kazi asubuhi kabla ya saa nne, au baada ya alasiri upepo wa kaskazi unapoingia barazani. Tandika mkeka, weka kitambaa cha kufutia mikono, na umpe kazi moja tu. Mtoto wa miaka 3 akikaa dakika 10 amefanya vyema. Akiinuka, mwache aende, atarudi mwenyewe.

Usalama nauweka mbele ya yote. Chukua kile kigogo cha katikati cha karatasi ya chooni: kitu chochote kinachopita ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Hapo zimo shanga, vifungo, maharagwe, karafuu na njugu. Kama wakubwa na wadogo wanafanya kazi pamoja, wakubwa wakae mezani na wadogo mkekani, sakafu ifagiliwe kabla hawajabadilishana nafasi. Jingine ni zile betri bapa za mviringo zilizomo kwenye taa ndogo za mapambo na kadi zinazoimba. Mtoto akimeza moja, inaweza kuchoma koo la chakula ndani ya saa 2. Kifaa ambacho mfuniko wa betri yake haufungwi kwa skrubu, usikiingize nyumbani mwenye mtoto mdogo. Ukishuku kwamba amemeza, nenda hospitali papo hapo, usingoje dalili.

Halafu kuna suala la mkono wa kushoto. Huku Pwani tunawafundisha watoto kula na kupokea kwa kulia, na hayo ni adabu ya nyumbani kwenu, siingilii. Lakini mkasi, krayoni na sindano mwachie achague mwenyewe. Watoto wengi hawajatulia kwenye mkono mmoja mpaka wafike miaka 4 hadi 6. Weka kifaa katikati, mbele ya kifua chake, kisha tazama ni mkono gani unaokifuata. Mwenye kushoto mtafutie mkasi wa kushoto, kwa sababu mkasi wa kawaida humziba asione mstari anaoukata.

Wadogo kabisa: kuchana na kufinyanga

Kwa mtoto wa miaka 2 au 3, anza na magazeti ya zamani. Chora umbo la mti kwenye karatasi ya manila na uibandike ukutani, usawa wa macho yake. Ukutani, si mezani: anaponyoosha mkono juu, bega linafanya kazi na kifundo kinakaa mkao ule ule utakaohitajika siku ya kuandika.

Mwonyeshe namna ya kuchana: vidole gumba viwili vikutane juu ya karatasi, mkono mmoja uje kwako na mwingine uende mbele. Wengi mwanzoni huvuta pembeni kama wanaogombania kitambaa, na karatasi haichaniki. Shika ukingo, uanzishe mchano wa sentimita 1, kisha mpe amalizie. Vile vipande avifinye viwe vitonge, kwa mkono mmoja akiweza, halafu avitie gundi na kuvibandika mtini. Gundi ya uji mzito wa unga wa ngano inatosha, nayo haidhuru ikiingia mdomoni.

Kutunga koja la mti

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayokua pamoja na mtoto. Kutunga kunataka mikono miwili ifanye mambo mawili tofauti kwa wakati mmoja: mmoja unatulia na kushikilia, mwingine unalenga. Uwezo huo huo utatumika kushika karatasi huku akiandika, na kufunga kifungo cha shati la shule.

Kwanza tieni makaroni rangi. Weka makaroni makavu kwenye chupa pana yenye kifuniko cha kuzungusha, ongeza rangi ya chakula kidogo na kijiko cha siki, halafu mpe mtoto afunge, atikise na afungue. Kule kufungua kifuniko ni zoezi kamili, usimfungulie. Tandazeni juani juu ya gazeti. Nyekundu na kijani zinatosha.

Kisha fuata umri wake:

1. Akishatimiza miaka 3: simamisha spageti mbichi chache kwenye donge la unga uliokandwa, naye avishe makaroni makubwa juu yake. Akizidisha nguvu spageti inavunjika, basi anajifunza kupunguza mkono bila wewe kusema neno. Kaa naye, usiondoke.

2. Miaka 3 hadi 4: mpe kamba ya kiatu, yenye ile ncha ngumu. Funga makaroni moja mwishoni ili zingine zisidondoke.

3. Miaka 4 hadi 5: mpange mfuatano: nyekundu mbili, kijani moja, nyekundu mbili. Kata mirija ya karatasi, au akate mwenyewe, aichanganye humo.

4. Miaka 5 hadi 6: sindano ya plastiki yenye ncha butu, uzi wa kufumia, na bisi. Bisi zilizotoka jikoni sasa hivi hupasuka zikidungwa. Ziache wazi usiku mmoja, hewa yetu itazilainisha. Koja la bisi litundikwe siku moja tu. Siku ya pili sisimizi wameshafika.

Kama mna mti wa asumini nyumbani au kwa jirani, mtoto wa miaka 6 yuko tayari kwa kazi ambayo wanawake wa Mombasa wameifanya vizazi na vizazi. Chumeni vitumba jioni ya mkesha kabla havijafunguka, avitunge polepole, kila kimoja akikidunga kwenye kile kijiti cha chini cha kijani. Vitafunguka usiku. Ua halisamehi vidole vizito kama makaroni yanavyosamehe, kwa hiyo asipewe kabla ya kuzoea hatua za mwanzo.

Na wala usihangaike kununua shanga. Pita Mtaa wa Biashara uwaulize mafundi cherehani kwa upole. Vipande vya mabaki, vifungo visivyo na wenzake na vijiti vya uzi uliokwisha mara nyingi hutolewa bure. Vijiti vya uzi ni vinene na vina tundu kubwa, hakuna kifaa bora kwa mtoto wa miaka 3.

Chungwa la karafuu

Kazi hii ni ya miaka 4 kwenda mbele, na nyumba itanukia wiki nzima. Nunua karafuu sokoni Marikiti, uchague zenye vichwa vizima. Machungwa ya Pwani huiva yakiwa bado na ganda la kijani, kwa hiyo ukilifunga na utepe mwekundu rangi za Krismasi zimekamilika bila gharama.

Mtoto kwanza aviringishe chungwa mezani kwa kiganja ili ganda lilainike. Wewe, au yeye akiwa na miaka 5 na zaidi, toboa vitundu kwa kijiti cha meno, ukifuata mstari uliochorwa kwa kalamu: mzunguko mmoja kiunoni mwa chungwa, au nyota. Kisha yeye achukue karafuu moja moja kwa kidole gumba na cha shahada, aingize mguu wake kitunduni, asukume kwa ncha ya kidole mpaka kichwa kigote. Husukumwa kwa ncha ya kidole, kamwe si kwa kiganja.

Mwambie asiguse macho. Mafuta ya karafuu huwasha vibaya, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi. Mtoto mwenye mkwaruzo kidoleni angoje upone. Chungwa lenyewe huku halikauki kama linavyokauka nchi za baridi; kwa unyevu wetu litaota ukungu. Litengenezeni siku tatu nne kabla ya sikukuu, mlitupe likianza kulainika.

Nyota za unga wa chumvi

Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, na maji karibu kikombe 1, yaliyomiminwa kidogo kidogo. Mtoto akande mpaka usinate tena vidoleni. Kiganja kisukume, vidole vikunje, donge ligeuzwe. Asukume mpaka unene wa nusu sentimita, akate kwa mdomo wa glasi au kifuniko, na atoboe tundu la uzi kwa mrija. Nakshi zipigwe kwa uma, kwa kitana, kwa vitunda vikavu vya mvinje vilivyookotwa chini ya miti kule Bamburi.

Mwenye oveni aoke kwa nyuzijoto 100 hadi 120 kwa saa 2 au 3. Asiye nayo aanike juani siku mbili tatu, akigeuza. Jambo ambalo maelekezo ya kutoka nchi za ng'ambo hayasemi ni kwamba chumvi hunywa unyevu wa hewani. Nyota iliyokauka vizuri Jumatatu, kufika Ijumaa inaweza kuwa teketeke na imeacha alama ya maji ukutani. Pakeni vanishi pande zote mbili, na nyuma msisahau, au mzifanye wiki ile ile ya Krismasi. Unga huu una chumvi nyingi ya kumdhuru mtoto au mbwa akiula, basi usiachwe mezani karibu na ule wa mahamri.

Mkasi

Mkasi wenye ncha butu lakini unaokata kweli. Ule wa plastiki usiokata humfundisha mtoto kwamba kukata hakuwezekani. Kidole gumba kikae tundu la juu, na kiangalie juu muda wote. Kiwiko kikiruka kama bawa, mbane kitabu chembamba kwapani. Kitabu kikianguka atajirekebisha mwenyewe.

Mtoto wa miaka 2 hadi 3 hukata mkato mmoja mmoja kwenye ukanda mwembamba. Wa miaka 3 hadi 4 hufuata mstari ulionyooka. Miaka 4 hadi 5 anaanza mapindo, na duara zuri lingoje mpaka akaribie miaka 6. Kwa hiyo mpe kazi inayolingana: wa miaka 3 akate mirija ya kutunga, wa miaka 4 akate kanda za mnyororo wa karatasi. Kanda ziwe na upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 18. Gundieni pete 24 tangu Desemba mosi, na kila asubuhi mtoto achane moja. Ni kalenda, na ni zoezi pia.

Mkeka wa karatasi

Watoto wetu wamekulia juu ya mikeka, basi kadi ya Krismasi iliyosukwa huielewa mara moja.

1. Chukua manila ya kijani ya sentimita 20 kwa 15, uikunje katikati. Kata kuanzia mkunjoni kwenda ukingoni, ukiacha sentimita 2 bila kukatwa. Mikato iachane sentimita 2. Hii ni kazi ya mtu mzima.

2. Ikunjue. Mtoto aandae kanda nyekundu na nyeupe za upana ule ule.

3. Ukanda wa kwanza upite juu, chini, juu, chini, naye akisema kwa sauti. Wa pili uanze chini.

4. Kila ukanda ausukume kwa vidole ukutane na wenzake, kisha agundi ncha.

Atakosea mstari wa pili, karibu wote hukosea hapo. Usiufumue wewe. Muulize tu, "Huu ulianza wapi?" na unyamaze.

Bibi anayejua kusuka ukili wa mikeka yuko nyumbani? Mwombeni. Mtoto wa miaka 6 anaweza kuanza kusuka kuti bichi la mnazi kwa njia tatu, na akitulia, kutengenezewa kititia, kile kichezeo kinachozungushwa na upepo, cha kutundika mtini. Bibi atasuka nusu na mtoto atashikilia. Kule kushikilia kwa nguvu isiyozidi ni kazi ya vidole pia.

Watoto wa jirani Waislamu watakuja, maana nyumba zetu hazina milango ya kufungwa. Kutunga, kusuka na kukanda ni kazi ya wote. Mkitengeneza hori la mtoto Yesu na malaika wake, muulize mama yao kwanza, na mpe mtoto kititia au koja apeleke kwao.

Jikoni

Ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya mwongozo huu, ningechagua hii. Mapambo ni ya siku chache, lakini chakula cha Krismasi kinataka mikono mingi, na mtoto anajua tofauti kati ya kazi ya kuchezeshwa na kazi inayohitajika kweli.

Kumenya kitunguu saumu cha pilau kunataka ncha za vidole na kucha. Loweka punje zake kwenye maji dakika chache ganda lilegee, na mtoto asiwe na kidonda. Kubambua minji ni kwa kuanzia miaka 3. Kuchambua mchele kwenye uteo ni kwa macho na vidole pamoja, miaka 5 na zaidi. Kutwanga bizari kwenye kinu kidogo hujenga bega na kiwiko.

Kukamua tui kunapita yote. Mtu mzima akune nazi, kwa kuwa meno ya mbuzi ya kukunia si ya mtoto, aichanganye na maji ya vuguvugu. Mtoto achote konzi, akunje vidole vyote vitano na kukamua juu ya kifumbu cha kuchujia mpaka lisidondoke tone. Abadilishe mikono. Wa miaka 3 atachoka baada ya konzi tatu nne, na huo ndio mwanzo wa nguvu.

Siku ya chapati, kila mtoto apate donge lake. Afanye matonge kwa viganja, asukume, akunje. Chapati yake itatoka na umbo la Ziwa Victoria. Ichomwe hivyo hivyo na iliwe mezani na wageni wakiona. Karibu na mafuta ya moto asifike, mahamri na kaimati aangalie kwa mbali.

Dalili za kutazama

Mkiwa katika kazi hizi utamwona mtoto kuliko siku nyingine yoyote. Karibu na miaka 3 wengi huweza kuiga duara, karibu na miaka 4 msalaba, na mraba hufuata baadaye. Kuchelewa kidogo si tatizo. Lakini mtoto wa chini ya miezi 18 anayetumia mkono mmoja tu na kuuacha mwingine kabisa, au mtoto wa umri wowote aliyepoteza uwezo aliokuwa nao, au anayelia kwa maumivu akishika vitu, mpelekeni kliniki. Ombeni kuonana na mtaalamu wa tibakazi, yule anayewasaidia watoto kuitumia mikono katika shughuli za kila siku. Msisubiri shule zifunguliwe.

Zawadi

Kufunga zawadi nako kuwe kwa watoto. Wa miaka 3 abandue vipande vya selotepu ulivyovikata na kuvining'iniza ukingoni mwa meza. Wa miaka 4 aandike herufi ya kwanza ya jina la anayepewa. Kadi zitundikwe kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na kibanio kifunguliwe kwa kidole gumba na cha shahada tu, vile vingine vimejikunja.

Wa miaka 6 ajaribu fundo la kitanzi. Tumia tepe mbili za rangi tofauti, nyekundu kulia na nyeupe kushoto, ili uweze kumwambia "nyekundu ipite chini" badala ya kumshika mikono. Boksi liwekwe mapajani mwake, kamba zikimwelekea yeye, nawe ukae ubavuni pake usimkabili, la sivyo ataona kila kitu kinyume.

Asubuhi ya tarehe 25, selotepu ikimgomea, iinue kona moja kwa ukucha wako na umrudishie boksi lake.